Maswali ya Wasomaji: Dhaka ni Rahisi kwa Nani?

Barua tatu kati ya zilizofika mezani kwetu zinahusu mji mmoja, Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Kwa kuwa mwandishi wa safu hii aliwahi kuishi na kufanya kazi huko kabla ya kurejea Nairobi, tumeonelea zijibiwe kwa pamoja. Barua ya kwanza imebeba mengi, na jibu lake limechukua nafasi kubwa.

SWALI: Kwako mhariri. Nimekuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha nguo cha Athi River kwa miaka kadhaa. Sasa kampuni inayowanunulia nguo wateja wa Ulaya, yenye ofisi mjini Dhaka, imeniahidi kazi ya dola 1,300 kwa mwezi. Nyumba, chakula na usafiri vitakuwa juu yangu. Wakala aliyeniunganisha nao anasema Dhaka ni rahisi kuliko Nairobi na kwamba nitatuma nyumbani zaidi ya nusu ya mshahara. Rafiki yangu naye ananitisha kwamba mji huo umejaa watu hadi hakuna pa kukanyaga. Nina miaka 29, sijaoa, na sijawahi kuishi nje ya Kenya. Nimwamini nani?
Mkaguzi, Syokimau

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amekuonyesha upande mmoja tu. Dhaka ni rahisi sana kwa mtu anayekula anachokula mwenyeji, anayepanda anachopanda mwenyeji na kulala anapolala mwenyeji. Gharama huanza kupanda pale mgeni anapotafuta vitu ambavyo mji huo hauna vya kutosha, navyo ni nafasi, utulivu, hewa safi na umeme usiokatika. Kabla ya kutia sahihi, amua ni vipi kati ya hivyo huwezi kuishi bila kuwa navyo, kisha umwombe mwajiri avilipie.

Hesabu za huko hazitakusumbua. Sarafu ya huko inaitwa taka. Dola moja hubadilishwa kwa taka mia moja na ishirini na ushei, na hapa kwetu kwa shilingi zipatazo 130, kwa hiyo bei ya taka utaisoma karibu kama bei ya shilingi bila kutoa kikokotoo mfukoni. Mshahara wako utakuwa zaidi ya laki moja na nusu, kiasi ambacho wenyeji wengi wenye digrii hawakipati. Wale mafundi wa cherehani utakaokuwa ukiikagua kazi yao wamewekewa mshahara wa chini wa taka 12,500 kwa mwezi tangu Desemba 2023. Ukiziweka tarakimu hizo mbili kando kwa kando utaelewa ni kwa nini kinyozi, fundi wa nguo, mpishi wa kibandani na mwendesha riksho wanakutoza kidogo kiasi cha kukufanya uone haya. Urahisi wa mji huo umesimama juu ya mabega yao.

Jambo ambalo wakala wako hakukutajia ni kodi ya mapato. Mgeni ambaye hajatimiza siku 182 nchini katika mwaka wa kodi hukatwa asilimia 30, na akishatimiza ndipo anapohesabiwa kuwa mkazi na kutozwa kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua kama mwenyeji. Mwaka wao wa kodi huanza Julai na kuisha Juni. Ukifika Machi, kwa mfano, miezi yako ya mwanzo yote itaangukia kwenye ile asilimia 30, na ndoto ya kutuma nusu ya mshahara itabidi isubiri. Uliza kwa maandishi kama hizo dola 1,300 ni kabla ya makato au baada yake. Uliza pia utatumaje fedha nyumbani, kwa sababu taka si sarafu inayobadilishwa ovyo. Benki itataka kuona kibali chako cha kazi na stakabadhi za kodi kabla ya kukuruhusu kutuma dola nje.

Sasa tuje kwenye nyumba, ambayo ndiyo itakayokutoa jasho. Dhaka ina nyumba nyingi za kupanga, na vibao vya kuzitangaza huning'inizwa langoni kwa kamba, lakini swali la kwanza utakaloulizwa na bawabu halihusu fedha. Atakuuliza kama una familia. Kijana asiye na mke, awe mgeni au mzaliwa wa huko, hutazamwa na wenye nyumba wengi kama mtu atakayeleta kelele, wageni wa usiku na maneno ya majirani. Mwenye nyumba mmoja alinikaribisha sebuleni kwake, akaniletea chai na biskuti kwenye sahani ya kioo, akaniuliza habari za nchi yangu, za wazazi wangu na za mke wangu. Nilipomweleza kwamba mke sina, alisikitika kwa adabu kubwa na kuniambia kwamba nyumba ilikwisha chukuliwa asubuhi ile. Kibao kilikuwa bado kinaning'inia langoni nilipotoka, na bawabu, ambaye alikwisha jua mambo yangeishia wapi, alinisindikiza hadi barabarani akinielekeza lango la jirani.

Wenyeji wasio na wake huishi kwa kuchangia fleti, watu wanne au sita, kila mmoja na kitanda chake na mpishi mmoja wa kuchangiwa. Njia nyingine ni kupewa chumba na familia iliyopanga fleti kubwa kuliko mahitaji yake. Hapo utakula vizuri, utajifunza Kibangla haraka, na utaulizwa kila jioni mbona umechelewa. Mitaa ya kawaida kama Mirpur na Mohammadpur ina vyumba vya namna hiyo kwa bei ambayo mtu wa Syokimau ataiona ya kawaida tu. Ukitaka fleti yako peke yako, uwe tayari kutoa malipo ya awali ya miezi miwili au mitatu, na uulize kwa makini ada ya huduma, kwa maana ndiyo inayogharimia lifti, bawabu na mafuta ya jenereta. Jengo lisilo na jenereta ni rahisi kwa sababu inayoeleweka, na utaielewa zaidi mwezi wa Mei, usiku, feni ikisimama. Kumbuka kwamba unatoka kwenye mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na unakwenda kwenye uwanda wa mito ulioinuka mita chache tu. Mtu wa Mombasa angezoea mapema kuliko wewe.

Ushauri wangu ni kwamba mwajiri mwenyewe akutafutie nyumba na mkataba wa upangaji uwe kwa jina la kampuni. Wenye nyumba hawamkatai mpangaji ambaye ni kampuni, na wewe utakuwa umeokoka kwenye yale mahojiano ya chai na biskuti.

Mtaa wa kuishi uchague kwa kuangalia utakakofanyia kazi. Ofisi nyingi za ununuzi wa nguo ziko Uttara, Banani na Gulshan, ilhali viwanda viko nje ya mji, Gazipur, Ashulia, Savar na Narayanganj. Mkaguzi hushinda kiwandani. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kwamba mwendo wa wastani wa magari Dhaka ulikuwa umeshuka hadi kilomita 7 kwa saa, na ingawa barabara za juu na treni ya mjini zimeongezwa tangu wakati huo, msongamano wa huko bado ungekufanya uikumbuke Barabara ya Mombasa kwa upendo. Treni hiyo ya umeme, iliyozinduliwa Desemba 2022 na kufikishwa hadi Motijheel mwaka uliofuata, ni safi, inakwenda kwa wakati, na nauli yake ni kati ya taka 20 na 100. Ni fahari ya mji, lakini haifiki Gazipur wala Ashulia. Kwa hiyo usikubali mtu akupangie nyumba Gulshan kwa sababu tu wazungu wanakaa huko. Gulshan na Baridhara ni mitaa ya mabalozi, na kodi zake za nyumba zinashindana na za Kileleshwa. Viwanda vyako vikiwa upande wa kaskazini, kaa Uttara.

Rafiki yako hakutia chumvi kuhusu umati. Mji na viunga vyake una watu zaidi ya milioni 20, wengi wao wakiwa wametoka wilaya ambazo mito imemega mashamba yao au mafuriko yamewafukuza, na wengine wamefuata kazi hizo hizo za nguo. Hata hivyo, mtu aliyewahi kushuka Githurai saa kumi na mbili jioni hana sababu ya kuogopa. Mabasi ya Dhaka yana utingo anayening'inia mlangoni, anapigapiga bodi kwa kiganja kumpa dereva ishara na kuita majina ya vituo kwa pumzi moja. Abiria wa kiume hurukia na kuruka basi likiwa linatembea, na viti vya mbele huachiwa wanawake. Utajiona uko nyumbani mapema kuliko unavyodhani. Kitakachokuchosha ni kutazamwa. Mwafrika akisimama kibandani kunywa chai, baada ya muda mfupi atakuwa amezungukwa na watu wanaomtazama tu, bila neno, hadi mmoja apate ujasiri wa kuuliza nchi anayotoka na kama anacheza mpira, kwani Waafrika wengi wanaojulikana huko ni wachezaji wa vilabu vya kandanda. Kwa kawaida hakuna ubaya ndani yake. Lakini zipo kesi za utapeli zilizowahusisha Waafrika wachache, na sifa hiyo imewafikia wenye nyumba na polisi, kwa hiyo tembea na nakala ya pasipoti na ya kibali chako kila siku.

Afya ipewe uzito. Kuanzia Novemba hadi Februari hewa ya Dhaka huwa nzito kwa moshi wa matanuri ya matofali yaliyouzunguka mji, wa magari na wa vumbi la ujenzi. Nunua barakoa nzuri na usione aibu kuivaa. Mvua kubwa za huko, za Juni hadi Oktoba, huleta homa ya dengi. Mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 321,000 na vifo 1,705. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Ukipata homa usiitibu kwa mazoea yetu ya malaria, wala usimeze aspirini au ibuprofen, kwani dawa hizo huweza kuchochea kuvuja damu. Pima damu, na maumivu yatulize kwa paracetamol pekee.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, ila ulizingatie kuliko yote. Kazi ya kuajiriwa inataka viza ya ajira, na kibali cha kazi hutolewa na mamlaka ya uwekezaji ya huko, BIDA. Ukiambiwa uingie kwa viza ya utalii kisha mambo yatanyooshwa ukishafika, usisafiri. Bangladesh ina ubalozi hapa Nairobi. Nenda ukaulize mwenyewe. Na huyo wakala wako, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujamlipa chochote.

Kwa kuwa ni mtu wa ukaguzi, bila shaka umeshasikia habari za Rana Plaza, lile jengo la Savar lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake. Tangu hapo viwanda vingi vya kuuza nje vimekarabatiwa na kuwekewa milango ya dharura, na wanunuzi wa Ulaya huuliza habari za nguzo na ngazi kama wanavyouliza habari za mishono. Utakuta kazi yako ina uzito kuliko ulivyozoea, na wiki yake imegeuzwa: viwanda hufungwa Ijumaa peke yake, na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine.

Je, uende? Mwajiri akibeba nyumba na usafiri wa kwenda viwandani, dola 1,300 ni mshahara mzuri kwa kijana asiye na familia, na utaweka akiba. Akikataa vyote viwili, omba 1,800, na akikataa na hilo, kaa Athi River.

SWALI: Mume wangu anahamishiwa Dhaka na shirika lake kwa miaka miwili, nasi tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Mdogo ana pumu. Nina hofu kuhusu shule, kanisa, chakula na maandamano. Je, tumfuate au tubaki?
Mama wa watoto wawili, Buruburu

JIBU: Dada, pumu ya mtoto ndiyo itakayoamua, hayo mengine yana ufumbuzi. Sitakushauri umpeleke mtoto mwenye pumu ya mara kwa mara akakae Dhaka kuanzia Novemba hadi Februari. Mume wako na daktari wa mtoto wakae chini kwanza. Ikiwa daktari atakubali, shirika lilipie mashine za kusafisha hewa za vyumba vya kulala, na likizo ndefu ya kuja nyumbani ipangwe Desemba na Januari wakati hewa ni mbaya zaidi.

Shule za kimataifa zilizoko Baridhara na Bashundhara ni nzuri na ni ghali, na karo yake inafaa tu kwa mtu ambaye shirika linamlipia; hilo liandikwe kwenye mkataba wa mume wako. Chini yake zipo shule nyingi za Kiingereza zinazofuata mtaala wa Uingereza, Dhanmondi na Uttara, ambazo watoto wa wafanyabiashara wa huko husoma. Wewe mwenyewe usitegemee kuajiriwa, kwa kuwa viza ya mtegemezi haikupi ruhusa ya kazi.

Makanisa yapo, mengine ya zamani sana. Lile la Tejgaon lilijengwa na Wareno katika karne ya 17. Kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi, makanisa mengi huwa na ibada Ijumaa pia, na baada ya muda mtazoea. Chakula hakitawashinda: wali, dengu, samaki wa mtoni na mboga za majani za kila aina, nyekundu na kijani, zinazouzwa kwa mafungu kwenye mikokoteni asubuhi. Mafuta ya haradali yana ukali ambao watoto wataukataa mwanzoni. Unga wa ugali beba, kwani wa mahindi meupe kama wetu hutauona madukani. Maji ya bomba yachemshwe na kuchujwa bila kukosa, na hospitali ya icddr,b, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara kilichoko Mohakhali, uijue njia yake. Utafiti uliofanywa na kituo hicho mwishoni mwa miaka ya 1960 ndio uliozaa pakiti za ORS, zile za kumrudishia maji mwilini mtu anayehara, ambazo kila mama wa Buruburu anazijua.

Kuhusu maandamano, mwaka 2024 sisi tulikuwa na Juni yetu na wao wakawa na Julai na Agosti yao, hadi Waziri Mkuu Sheikh Hasina akaikimbia nchi tarehe 5 Agosti. Katika siku hizo intaneti ilizimwa kabisa, na watu waliotegemea kadi na simu walikwama. Weka nyumbani fedha taslimu, mchele na maji ya wiki moja, na mpatane mapema na jirani mmoja ambaye watoto wanaweza kukimbilia kwake. Jirani hatakosekana. Siku ya kwanza tu mtaletewa bakuli la wali wa maziwa, na halirudishwi tupu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa nguo Eastleigh. Nataka kupanga chumba Dhaka kwa miezi sita ili ninunue moja kwa moja viwandani. Inawezekana?
Mwenye duka, Eastleigh

JIBU: Ndugu, kukaa kunawezekana, na ukiwa na viza ya biashara, hoteli ndogo au chumba cha kupanga kwa mwezi kitakutosha. Kwa Mwislamu, chakula na misikiti si tatizo hata kidogo. Lakini viwanda vikubwa havitakuuzia, kwani vinashona oda za maelfu ya vipande kwa wateja wa Ulaya na Marekani. Wewe tafuta wauzaji wa bidhaa za ziada, yaani oda zilizokataliwa au kuzidi, na kwa vitambaa nenda Islampur, Dhaka ya Zamani, ukiwa na mwenyeji anayejua bei. Soko la Bangabazar, ambalo huenda wenzako wamekutajia, liliteketea kwa moto Aprili 2023, kwa hiyo usiende na ramani za zamani.

Miezi sita ni mingi mno. Wiki tatu zinatosha kuwajua wauzaji, na baada ya hapo mlipe mkaguzi wa huko akuhesabie mzigo unapofungwa. Mzigo utatoka bandari ya Chattogram na kupitia Colombo au Singapore kabla ya kufika Mombasa, kwa hiyo nguo za Idi zinunue miezi mingi mbele. Cheti cha ubora kinachotakiwa na KEBS, shirika letu la viwango, kishughulikie ukiwa bado huko, kabla mzigo haujapakiwa, la sivyo kontena litakaa bandarini likila gharama za hifadhi na faida yote uliyoipata Islampur itaishia hapo.